Ndege Mwigo

Kesho saa tatu watakuja na kreti.
Kijana wa wanyamapori ameshanipigia simu, ana adabu:
"Mama, hutashtakiwa, umejitokeza mwenyewe."
Nikamuuliza, ataachiliwa?
Akakohoa. "Atahamishiwa kizimba kikubwa zaidi."

Basi usiku huu ni wetu, wewe na mimi,
ghorofa ya nne, Pangani. Stima imerudi,
mita ya tokeni imelia mlangoni
nawe ukaijibu kwa mlio uleule,
hata sijui ni nani kati yenu anayenidai.

Unajua mengi. Unajua birika likichemka,
unajua cherehani yangu ikikwama kwenye jinzi,
muuza mayai wa chini, kikohozi cha jirani.
Unajua kufuli. Kila jioni, kabla sijalishika,
unajifungia mwenyewe kwa ulimi: klik.
Mtu wa namna gani hufuga kiumbe
hadi kiumbe akajua kujifungia?

Na unamjua Shivachi.

"Kadenyi, chai ni maji haya?"
Miaka miwili yuko ardhini kule Shinyalu,
na kila alfajiri ananiuliza kutoka kwenye vyuma
kwa sauti yake ya kabla ya dawa,
na mimi mjinga nainuka, naongeza majani.

Wahenga walisema ndege mwigo hana mazoea.
Wahenga hawakulala chumba kimoja na wewe.

Alikuleta ndani ya koti, enzi za lori la mbao.
Dereva mwenzake alikuwa nanyi saba kwenye gunia la makaa;
akamuuzia aliyebaki akipumua.
Tukasema tumemwokoa. Neno tamu, kuokoa,
tulilipaka juu ya kila kitu kama siagi.
Kisha Shivachi akaomba mkasi wangu,
ule wa kukatia satini, nikampa.
Bawa nililishika mimi.
Manyoya yalikatika kama kitambaa,
mkia wako mwekundu ukatetemeka
nasi tukacheka, tukasema anafurahi.

Sikatai, tulikupenda. Karanga, maembe,
kipande cha kuku siku ya Krismasi.
Lakini mkono huu unaokukuna shingo
ndio huohuo wa kufuli.

Nikuambie kilichonifanya nipige simu.
Si sheria. Sheria niliisikia redioni, nikapunguza sauti.
Ni ile mvua ya Aprili, usiku stima ilipozima,
mabati ya karakana yakinguruma huko chini,
ukatoa mlio ambao hakuna aliyekufundisha.
Si birika, si Shivachi, si kitu cha Nairobi.
Mrefu, wenye pengo mwishoni,
na katika pengo hilo ukanyamaza
kama mtu aliyebisha hodi.
Ukasubiri. Ukarudia.
Nikajaribu kupiga mluzi.
Ukanigeuzia jicho lako la njano
kama aliyepokea simu, akakuta namba siyo.

Tangu hapo sikupata usingizi wa maana.
Nilidhani nimemhifadhi mume wangu ndani yako.
Sikuwahi kuuliza ni nani aliyehamishwa
ili apatikane pa kumweka.

Kijana alitaka kujua, kwa ajili ya fomu:
"Anaongea?"
Nikasema, sijui, mwanangu.
Sisi tulimsemesha tu.

Kizimba kikubwa si msitu, usidhani sijui.
Na manyoya niliyoyakata yameshaota mara nyingi,
ila wewe hukumbuki tena yana kazi gani.
Sina cha kukurudishia. Lakini kijana anasema
wako wengine wanne huko, wa rangi yako,
na huenda mmoja wao
anaijua ile sehemu ya pili.

Lala. Kufuli leo sifungi,
na wewe, tafadhali, usinifungie.

Kesho kutwa nitainuka alfajiri bila kuitwa.
Nitachemsha chai, nitaionja,
na nitajiambia mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe,
kwamba ni maji.